Kiboksi cha king'ora: volti 12 nje, 300 ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya vile viboksi vya king'ora cha wezi tunavyofunga ukutani, karibu na paa. Huku Njiro vimejaa.

Majuzi umeme ulikatika saa nane usiku. Betri ya mtambo wetu wa ndani ilikuwa imekufa siku nyingi (kosa langu, kila mwisho wa mwezi nasema mwezi ujao), basi kiboksi cha nje kikaona kama waya zimekatwa, kikaanza kulia kwa betri yake chenyewe. Ndivyo kilivyotengenezwa, ili mwizi asikinyamazishe kwa kukata waya. Mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Mpwa wangu akachukua ngazi na bisibisi. Nikamwambia subiri kupambazuke, aitwe fundi.

"Shangazi, umeme wenyewe hakuna, nitapigwa na nini?"

Akafungua mfuniko, akapitisha kidole jirani na kile kitaa cha kumulika. Tukasikia "ta!", mara ngazi ikalala upande. Ameteguka kifundo cha mkono. Kwenye ncha ya kidole palibaki kidoa cheupe, kadiri ya punje ya mtama.

Fundi redio mmoja wa mjini ndiye aliyenifungua macho. Kitaa kile ni kibomba cha kioo chenye gesi ya xenon, na volti 12 haziwezi kukiwasha. Kwa hiyo ndani mna saketi inayozipandisha hadi kama 300 na kuziweka kwenye kapasita, yaani kifaa kinachotunza chaji ya umeme, halafu kikoili kidogo kinatoa maelfu ya volti ya kukishtua kiwake. Ni mambo yaleyale ya fleshi za kamera za filamu, wapiga picha wa zamani wanazijua. Hata ukichomoa betri, kapasita inaweza kubaki na chaji. Fundi huipima kwa mita kwanza ndipo aguse. Shoti yenyewe huenda isikuue, ila ukiwa juu ya ngazi, usiku, inatosha.

Sasa, kibandiko cha kiboksi chetu kimeandikwa 12 V, basi. Nani angeogopa? Naomba wauzaji wa Arusha wabandike onyo la Kiswahili ndani ya mfuniko, mahali jicho linapofika kabla ya kidole. Vipo pia vya taa za LED, ambavyo havina kile kibomba, mnunuzi aulize. EWURA, wale wadhibiti wa huduma za nishati na maji, nao hutoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme, lakini mfunga ving'ora akibisha geti nani anamwuliza leseni? Mimi sikumwuliza. Alimaliza kazi, akanipa rimoti mbili, akapanda bodaboda. Habari za kapasita hakuzitaja.

Betri ya mtambo nimeshabadilisha. Ngazi nimeifungia stoo, na ufunguo ninao mimi.

Mkazi wa Njiro,
Arusha