Kwa fundi kijana wa karibu na stendi ya Moshi

Kaka, sikukuuliza jina, lakini naomba shukrani hizi zikufikie. Tangu niongezewe RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kutoka GB 4 hadi 12, laptopu yangu ilikuwa inaleta skrini ya bluu na kuzima ghafla, na alama za wanafunzi wangu wote zilikuwa humo.

Ulichomoa betri kwanza. Ukatoa RAM zote mbili, ukasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, polepole, kisha ukazipima moja moja kwa MemTest86, programu ya kupima RAM. Ile mpya ikajaza skrini mistari myekundu ya makosa. Hukuniuzia nyingine! Uliniambia niirudishe dukani nibadilishiwe, na elfu kumi yangu ukaikataa.

Nanyi mafundi wengine, mpimieni mteja kabla ya kumuuzia kifaa. Alama nilizikabidhi Ijumaa.