Asante, dada wa altrasaundi

Dada yetu ambaye karatasi yako ya majibu ya kipimo ina saini tu, bila jina: wakunga wa kliniki ya wajawazito tunakushukuru.

Mimba ilikuwa ya wiki 20. Wengi wangeandika "kichwa kikubwa" wakaishia hapo. Wewe uliandika chemba ya maji ya ubongo milimita 13, wakati kawaida haifiki 10, na ukaeleza kwamba umepima ya upande ulio mbali na kifaa, kwa kuwa ile ya karibu hufichwa na kivuli cha fuvu. Paji limebonyea kama limau, ubongo mdogo wa kisogoni umejikunja kama ndizi. Hizo ni dalili za mgongo wazi, yaani pingili za mgongo wa mtoto hazikufunga, hata kabla ya kuuona mgongo wenyewe.

Na mgongo haukuonekana, mtoto aliulalia. Hukuandika "kawaida" (na hilo ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi!). Ulimwambia mama atembeetembee nusu saa, arudi. Ndipo ukaukagua pingili kwa pingili, kwa urefu na kwa upana, ukakuta uwazi kiunoni. Umri wa mimba ukaukadiria kwa mfupa wa paja, maana kichwa chenye maji hudanganya.

Kwa karatasi hiyo, mama amepangiwa kujifungulia penye upasuaji wa watoto, mgongo uzibwe ndani ya saa 48. Kwa mimba ijayo ameandikiwa foliki asidi, vitamini ya kukinga mgongo wazi, miligramu 5 kila siku, aanze mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.

Asante sana, dada.