Kabla Hujasaini, na Kabla Hujapakia

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unauliza kama usaini na ile kampuni ya rekodi au wimbo uutoe mwenyewe mtandaoni. Utoe mwenyewe. Ila ukipakia kabla makaratasi hayajakaa sawa, utapoteza fedha zilezile unazoogopa kampuni itazila.

Nguvu ya kampuni ilikuwa mlangoni: bila wao, CD yako haikufika dukani. Napster, huduma ya watu kugawiana nyimbo bure mtandaoni, ilipotokea mwaka 1999 mlango ule ulivunjwa, na mwanamuziki hakulipwa kitu. Mahakama za Marekani ziliibana mpaka ikazimwa mwaka 2001, lakini wasikilizaji walishazoea. Mwaka 2003 Apple ikaanza kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99, na kumlazimisha mtu anunue albamu nzima kwa ajili ya wimbo mmoja kukawa kugumu. Kampuni za rekodi za Universal, Sony na Warner bado ni wakubwa mno, kwa kuwa wanamiliki rekodi nyingi za zamani ambazo hakuna jukwaa la muziki mtandaoni, kama Spotify, linaloweza kuzikosa. Kuingia sokoni ndiko wasikoweza tena kukuzuia. Siku hizi kuna wasambazaji, yaani kampuni zinazoufikisha wimbo wako kwenye majukwaa hayo. DistroKid unailipa ada ya kila mwaka na mapato ya majukwaa yanabaki yako. Ukiacha kulipa, nyimbo zinaweza kuondolewa. CD Baby unailipa mara moja kwa kila toleo, nao wanakata asilimia 9.

Sasa huo mkataba. Malipo ya awali wanayokuahidi si zawadi, yanafidiwa kutoka kwenye mgao wako. Tuseme wanakupa dola 10,000 na mgao wako ni asilimia 20. Rekodi lazima iingize dola 50,000 ndipo uone senti nyingine, na hapo wao wameshabaki na 40,000. Gharama za studio na video zikiongezwa kwenye deni, kama ilivyo kawaida, unangoja zaidi. Tena masta, yaani rekodi yenyewe, ni yao.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi, yaani mashairi na melodi, na ya rekodi yenyewe, yaani masta. Hapa ndipo wanamuziki wengi wanaojitegemea wanapopoteza, kwa sababu msambazaji kwa kawaida anakukusanyia ya masta tu. Mrabaha wa utunzi, yaani malipo ya mtunzi wimbo unapotumika, unapita njia nyingine. Jisajili kwenye chama cha hakimiliki, na kwa nyimbo zinazosikilizwa Marekani, The MLC, taasisi ya huko iliyoanza kazi hiyo mwaka 2021, ndiyo inayokusanya sehemu ya mrabaha huo. Wimbo usiosajiliwa fedha zake zinakaa tu bila mwenyewe.

Kabla ya kupakia, keti na prodyuza na kila aliyetunga, mwandike nani ana asilimia ngapi, jumla ifike 100, wote wasaini. Biti, yaani mdundo wa wimbo, kama umeikodi, soma leseni: nyingi zina kikomo cha idadi ya usikilizaji. Na kama biti hiyohiyo imekodishwa kwa wengine, usiiingize kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua rekodi ndani ya video na kumdaia mwenye haki. Mfumo utawadai wenzako wasio na kosa, kisha wao watakudai wewe.

Faili ya sauti iwe WAV, isiyobanwa, ya 44.1 kHz na bit 16 au 24 (vipimo vya ubora wa sauti), iliyotoka moja kwa moja kwenye miksi. MP3, ambayo imebanwa, ikigeuzwa kuwa WAV hairudishi kilichopotea. Jalada liwe pikseli 3000 kwa 3000, bila anwani ya tovuti wala namba ya simu, la sivyo linaweza kukataliwa. Jina lako liandikwe vilevile kila mara. Herufi moja ikitofautiana, wimbo unaweza kutua kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Tunza pia ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu 12 inayoitambulisha rekodi. Ukihama msambazaji uitumie ileile, la sivyo unaweza kupoteza hesabu ya usikilizaji.

Pakia wiki nne kabla ya siku ya kutoka. Wahariri wa Spotify wapelekewe wimbo angalau siku 7 kabla, ndipo wafuasi wako waupate kwenye Release Radar, orodha ya nyimbo mpya ambayo Spotify humpangia kila msikilizaji.

Usinunue wasikilizaji, nakuomba sana. Tangu 2024, rekodi isiyosikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 hailipwi na Spotify, na najua sharti hilo linamshawishi mtu atafute njia ya mkato. Usikilizaji wa bandia ukigundulika, msambazaji anatozwa faini na anaweza kukubebesha wewe, au akaondoa wimbo. Hakuna bei maalumu ya kila usikilizaji. Fedha zinakusanywa kapu moja na kugawanywa kwa uwiano, hivyo ada ya shabiki wako anayekusikiliza wewe tu inakwenda zaidi kwa wakubwa. Mimi naliona hilo si haki. Jukwaa la SoundCloud lilianza mwaka 2021 kuwalipa wanaojitegemea kwa kufuata alichosikiliza kila msikilizaji, na ningependa wengine waige.

Nitumie kurasa za mkataba kabla ya kuwajibu. Anza na kifungu kinachosema masta ni ya nani na kwa miaka mingapi.

Ni mimi rafiki yako.