Kutokuwa na takwimu si kutokuwa na vifo

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu ramani mliyoichapisha pamoja na makala yenu ya kumbukumbu ya Uviko-19, ambamo vifo vya kila nchi vimeoneshwa kwa duara jekundu, kubwa kwa nchi iliyotangaza vifo vingi na dogo mithili ya nukta kwa iliyotangaza vichache. Mtu aliyekuwa mtoto wakati ule akiitazama ataamini kwamba janga liliigusa Tanzania kidogo tu, kwa sababu hakuna chochote kwenye ramani hiyo kinachomwambia kwamba nukta ile inaficha kipindi kirefu cha ukimya.

Mwezi Mei 2020 serikali iliacha kutangaza takwimu za ugonjwa huo, na kwa zaidi ya mwaka mmoja ramani ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, iliyokuwa ikitazamwa na dunia nzima, iliendelea kuonesha wagonjwa 509 na vifo 21. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki dunia tarehe 17 Februari 2021, wiki chache baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa. Nchi nzima ilisikia tanzia hiyo, lakini kwenye ramani hesabu ilibaki 21. Sidhani kama waliochora walikuwa na nia mbaya. Walichokosa ni alama ya kutofautisha nchi iliyohesabu ikakuta hakuna aliyekufa siku hiyo na nchi ambayo haikutangaza hesabu yoyote, na kwa kukosa alama hiyo, kila siku ya ukimya ilichorwa kama siku njema.

Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vifo vilivyotokana na janga hilo katika miaka ya 2020 na 2021, moja kwa moja au kwa njia nyingine, vilikuwa takriban milioni 14.9, ilhali vilivyokuwa vimeripotiwa rasmi ni kama milioni 5.4. Makadirio hayo yalitolewa pamoja na mipaka yake, kati ya milioni 13.3 na 16.6, na hiyo ndiyo heshima kwa msomaji ninayoiomba: namba inatajwa, na kiasi cha kutokuwa na hakika nacho kinatajwa. Ramani yenu imechukua vilivyoripotiwa peke yake, bila hata maelezo mafupi chini yake.

Najua wachoraji wengi wanauenzi ukurasa wa mbele wa New York Times wa Februari 2021, uliokuwa na karibu nukta 500,000, kila nukta kifo kimoja cha Uviko-19 nchini Marekani, chache juu na zikisongamana kadiri jicho linavyoshuka. Ni kazi nzuri, ila nyuma yake kulikuwa na mfumo wa kuandikisha vifo. Kwetu, ambako wengi hufia nyumbani na kuzikwa bila cheti, kuiga nukta hizo kungewaonesha waliofia hospitali na kuwafuta wengine.

Italia ilitoa mfano ulio karibu zaidi na uwezo wa gazeti. Machi 2020 kurasa za tanzia za L'Eco di Bergamo, gazeti la mji wa Bergamo, ambazo kwa kawaida zilikuwa mbili au tatu, zilifika kumi, na msomaji alilielewa janga kwa kufunua karatasi tu. Ninyi pia mna kumbukumbu ya matangazo ya vifo. Hesabuni yaliyochapishwa kila mwezi kuanzia 2019 hadi 2021, myachore, na mwandike wazi kwamba hayo ni ya familia zilizomudu kulipia tangazo (wengine wetu tulitangaziwa redioni, au msikitini na kanisani).

Kuhusu ramani yenyewe, naomba itakaporudiwa nchi zilizonyamaza zitiwe mistari ya mshazari badala ya duara, na pembeni iandikwe tarehe ya takwimu ya mwisho iliyopokelewa kutoka kila nchi.

Wako,
Msomaji, Tanga