Barua ya Wazi kwa Mjomba Wangu wa Kigoma: Siku Niliyoingia Kinnick

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na wote wa hapo nyumbani. Tangu Jumapili ya Novemba 5, Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1, kila tukizungumza kwa simu unanirudisha kwenye swali lile lile: iweje mtu uliyemlea wewe katika Yanga alie kwa ajili ya timu ya wanafunzi wa chuo, tena katika mpira wa Kimarekani usioeleweka, tena siku ambayo timu hiyo ilishindwa? Nimeamua kukujibu kwa barua ya wazi kwa sababu swali lako naulizwa pia na ndugu zetu Wakongomani wa hapa Iowa City, Marekani, ambao Kiswahili chao nakisikia kila siku dukani na kwenye basi, na ambao baadhi yao wameishi karibu na uwanja wa timu hiyo miaka mingi bila kuingia hata mara moja.

Kazi yangu unaijua. Nafanya usafi katika hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha Iowa, jengo refu la vioo lililofunguliwa mwaka 2017, ambalo liko ng'ambo tu ya barabara kutoka uwanja wa Kinnick, hata mtu akisimama ghorofa za juu anaiona nyasi yote na watu wote. Jimbo hili la Iowa halina timu yoyote katika ligi kuu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, kwa hiyo mapenzi ambayo miji mikubwa huyapeleka kwa timu za kulipwa, watu wa hapa huyapeleka kwa vijana wa chuo, Hawkeyes, wenye jezi nyeusi na dhahabu. Uwanja unachukua watu 69,250, nao hujaa.

Sasa, katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2017, Septemba 2, lilianzishwa jambo ambalo wazo lake lilitoka kwa shabiki wa kawaida mtandaoni. Robo ya kwanza inapokwisha, mchezo husimama, na watu wote waliomo uwanjani, mashabiki, makocha, waamuzi na wachezaji wa pande zote mbili, huigeukia hospitali na kuwapungia mkono watoto walio madirishani. Mimi nilikuwa nimeuona upungaji huo misimu kadhaa kutoka juu, nikiwa na kitambaa mkononi, nimesimama nyuma ya viti vya magurudumu na vyuma vya kutundikia dripu. Kutoka juu unafanana na upepo unaopita katika shamba la mahindi. Habari za mtoto yeyote sitazieleza, kwani si zangu kuzieleza, lakini nitasema kwamba nimewaona watoto ambao asubuhi walikataa hata uji, na mchana ule ule wakaomba wanyanyuliwe mpaka dirishani. Timu inayofanya hivyo kwa watoto ninaowafagilia vyumba, Mjomba, ningeachaje kuipenda?

Hata hivyo kuingia uwanjani kwenyewe sikuwahi, kwa kuwa Jumamosi ni siku yangu ya kazi na tiketi si rahisi. Mwaka huu mama mmoja tunayefanya kazi pamoja, ambaye familia yake ina viti vya msimu mzima, aliniambia kuwa kiti kimoja kitakuwa wazi Oktoba 21, mechi dhidi ya Minnesota, timu ya chuo ya jimbo jirani, inayoanza saa nane na nusu mchana. Huko kwenu ilikuwa saa nne na nusu usiku. Nikaomba kubadilishana zamu, nikakubaliwa.

Tulifika mapema, na kabla ya kuuona uwanja nilisikia harufu ya nyama choma. Watu huegesha magari tangu asubuhi, wakafungua milango ya nyuma, wakapanga meza na majiko, wakachoma nyama na soseji na kula pamoja mpaka wakati wa mchezo. Mzee mmoja nisiyemfahamu aliponiona nikipita alinisogezea sahani na kuniambia nile kwanza. Nilisimama pale na sahani ya mtu nisiyemjua mkononi, nikakukumbuka wewe ukinibeba mabegani kuingia uwanja wa Lake Tanganyika, na akina mama wenye mahindi ya kuchoma waliokuwa wakituita kwa jina lako.

Nje ya lango ipo sanamu ya shaba ya Nile Kinnick, ambaye uwanja ulipewa jina lake mwaka 1972. Mwaka 1939 alitwaa tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora kuliko wote wa vyuo vya Marekani, kisha akawa rubani wa jeshi la majini, na Juni 2, 1943, akiwa na miaka 24, ndege yake ikaanguka baharini karibu na Venezuela wakati wa mazoezi. Aliyemchonga hakumwonyesha akikimbia na mpira. Amesimama na vitabu mkononi, na helmeti yake iko chini miguuni. Nilipenda sana kwamba vitabu vimewekwa juu ya helmeti.

Lakini jina lililonigusa zaidi ni la nyasi yenyewe. Tangu 2021 sehemu ya kuchezea inaitwa kwa jina la Duke Slater, mtu mweusi aliyeichezea Iowa miaka zaidi ya 100 iliyopita. Husimuliwa kwamba alipokuwa shule, baba yake, mchungaji, aliweza kumnunulia kitu kimoja tu kati ya viatu na helmeti, naye akachagua viatu, akacheza kichwa wazi. Hakuwa na helmeti hata mwaka 1921, Iowa ilipoifunga Notre Dame 10 kwa 7, timu ambayo ilikuwa imeshinda mechi 20 mfululizo. Baadaye alisomea sheria katika chuo hiki hiki, akawa hakimu huko Chicago.

Na hiyo mechi ya Minnesota ina historia yake ya rangi, ambayo sikuijua mpaka mwenyeji wangu aliponieleza tukiwa tumekaa. Mwaka 1934 Iowa ilikuwa na mkimbiaji mweusi aliyeitwa Ozzie Simmons, na wachezaji wa Minnesota walimpiga na kumwangusha vibaya mno, hata akashindwa kuumaliza mchezo. Mwaka uliofuata, kabla timu hazijakutana tena, gavana wa Iowa alisema hadharani kwamba mambo hayo yakirudiwa mashabiki hawatayavumilia, na hali ikawa ya hatari. Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akaituliza kwa kumpelekea mwenzake changamoto ya kuwekeana dau la nguruwe. Minnesota ikashinda, nguruwe hai akapelekwa mpaka ofisini kwa gavana, akaitwa Floyd kwa jina la gavana huyo na Rosedale kwa shamba alikotoka. Tangu hapo nguruwe wa shaba, wa yapata kilo 44, ndiye anayeshindaniwa kila mwaka. Watu wanamkimbilia kwa furaha, na ni haki yao, lakini mimi nilipomwona nilimwona Simmons akiwa chini. Iowa ilikuwa imemshikilia nguruwe huyo bila kukatizwa tangu 2015.

Kanuni za mchezo huu nilizijifunza kidogo kidogo, nawe utazielewa nikikuambia mambo mawili. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga yadi 10, ikifaulu inapewa mengine 4, ikiona haitafaulu kwa kawaida huupiga mpira mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie nyuma. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, yaani tachidauni, ni alama 6, na mkwaju wa nyongeza ni alama 1, ila kuupitisha kwa mguu kati ya nguzo bila kufika mwisho ni alama 3. Hayo yanatosha.

Wachezaji wa Iowa hawaingii mbio kama wengine. Hutoka katika njia ya chini wameshikana mikono, safu kwa safu, taratibu, wanaume wakubwa wenye kilo zaidi ya 100 wakishikana kama watoto wa shule wanaovushwa barabara. Kelele iliyopigwa wakati huo niliisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni.

Kisha robo ya kwanza ikaisha. Nilikuwa nimejiandaa, kwani nilikijua kilichokuwa kinakuja, lakini sikujua kwamba kingekuja kwa utulivu namna ile. Watu walinyanyuka na kugeuka, na kelele ya mchezo ikakatika. Nikaitafuta ghorofa yangu. Kutoka chini madirisha ni madogo mno, Mjomba. Nyuso hazionekani. Unaona vioo vinavyong'aa kwa jua la alasiri, na vivuli, na mahali fulani kitu kinachosogea ambacho huenda ni mkono na huenda ni pazia. Niliyekuwa nikidhani miaka yote kwamba wale walio chini wanawaona watoto, nikaelewa kwamba hawawaoni, wanapunga kwa kuamini tu kwamba wapo. Kulia kwangu alikaa mkulima mnene, mwenye kiganja kilichopasuka kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku, na mkono wake ulikuwa wa mwisho kushuka katika safu yetu. Niliinua wangu mpaka bega likauma. Wachezaji wa Minnesota nao walikuwa wamegeuka, wakipunga.

Mchezo wenyewe ulikuwa mgumu. Tulikwenda mapumziko tukiongoza 10 kwa 3, lakini kipindi cha pili mashambulizi yetu yalikauka kabisa, hatukusonga, nao Minnesota wakawa wanakusanya alama tatu tatu kwa mguu, mpaka wakafikisha 12 kwa mikwaju 4 bila kupata tachidauni hata moja. Ilipobaki dakika moja na sekunde chache, waliupiga mpira mbali, nao ukadunda karibu na mstari wa pembeni. Cooper DeJean, kijana wa Odebolt, mji mdogo wa magharibi mwa jimbo hili, akaudaka, akawakwepa waliomzunguka, akakimbia yadi 54 mpaka mwisho. Tulikuwa mbele. Mkulima alinikumbatia, mimi nikamkumbatia aliyekuwa mbele yangu, na nakuapia sijawahi kukumbatiwa na wageni wengi hivyo kwa wakati mmoja.

Waamuzi wakaenda kuangalia video. Walikuwa wanataka kujua kama DeJean alikanyaga nje ya mstari, na hakukanyaga. Lakini katika kuangalia waliona jambo jingine: kabla ya kuudaka mpira, mkono wake wa kulia ulikuwa ukionyesha mpira ulipo, jambo ambalo linaruhusiwa, na wa kushoto ulikuwa ukipunga. Kanuni inasema kwamba anayesubiri mpira wa namna hiyo akipunga mkono kwa namna isiyo ya ishara rasmi ya kuomba asiguswe, basi anapoudaka mpira umekufa papo hapo, na mbio zote zinazofuata hazihesabiwi. Tachidauni ikafutwa. Tukapewa mpira katikati ya uwanja, tukarusha, ukadakwa na wapinzani, na ikaisha 12 kwa 10. Minnesota wakamkimbilia nguruwe wao. Walikuwa hawajashinda hapa tangu 1999.

Unaniuliza nililia nini. Sikuwalilia waamuzi, kwani nimeisoma kanuni na naona walichokisoma wao. Nilimlilia yule kijana. Kwenye skrini kubwa waliurudia mkono wake wa kushoto mara nyingi, polepole, mkono mtupu unaopungia chini, na mimi saa chache nyuma nilikuwa nimeona maelfu kwa maelfu ya mikono ikipunga katika uwanja huo huo na kila mmoja ukihesabiwa kuwa neema. Wewe ulikuwepo Lake Tanganyika Julai 25, 2021, Simba ilipowafunga 1 kwa 0 katika fainali, mbele ya watu wa mji wako. Uliniambia kwamba ulirudi nyumbani kwa miguu bila kusema neno. Basi nami niliivuka barabara vivyo hivyo, na karibu yangu walikuwa watu wengi, na hakuna aliyesema neno.

Jumapili nilikuwa na zamu ya alfajiri. Baada ya kila mechi madirisha ya upande ule hujaa alama, na ni kazi yangu kuyasafisha: viganja, paji la uso lililoegemezwa, mvuke wa pumzi uliokaukia kwenye kioo. Alama nyingi huwa kwenye kimo cha kiuno changu. Chini uwanjani watu walikuwa wanaokota vikombe kwenye safu. Nikahesabu safu kutoka juu mpaka nikakipata kiti changu, kidogo kuliko ukucha, nikasimama nikikitazama. Ndipo nikaona kiganja kimoja chini kabisa ya kioo, vidole vitano vimetawanyika, cha mtoto ambaye lazima alikuwa ameketi sakafuni. Nilianza kufuta kutoka juu, nikashuka taratibu, na hicho nikakiacha mpaka mwisho wa zamu.

Nisalimie shangazi na watoto wote.

Mpwa wako,
Iowa City, Novemba 2023