Mashine ya eksirei ipo, wa kuiwasha yuko wapi?

Mhariri,

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Kisumu alinikuta uani nikichambua mboga, akavuta kigoda akaketi. Binti yake amepata C ya juu katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, fizikia na biolojia amezipita vizuri, na anataka kuchagua kozi ya eksirei kupitia KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo. "Daktari," akaniambia, maana huku kwetu sisi wapiga eksirei huitwa daktari wa picha, "umeifanya kazi hii tangu mtoto huyu hajazaliwa. Nikiuza ng'ombe nimsomeshe, ataajiriwa?"

Tulizungumza saa nzima na bado sikuridhika na jibu nililompa. Naomba nafasi gazetini nilimalizie hapa, kwa sababu nusu ya jibu lenyewe haimhusu yeye wala bintiye. Inazihusu serikali zetu za kaunti.

Nilihitimu KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, mwaka wa 1991. Enzi hizo picha ilisafishwa katika chumba cha giza: unaichovya filamu kwenye dawa, unahesabu dakika, unaisuuza, unaitundika ikauke kama nguo, na harufu ya ile dawa inakufuata hadi nyumbani. Ukikosea kipimo, mgonjwa anarudishwa mezani. Leo unabonyeza na picha inatokea kwenye skrini baada ya sekunde chache, basi watu wanadhani kazi yetu imebaki kubonyeza tu.

Mwezi uliopita, Jumatatu moja kabla ya saa nne asubuhi, nilishampokea kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mtoto aliyemeza sarafu, watu saba wa kifua kutoka kliniki ya TB, na nyanya mmoja aliyeanguka bafuni. Nyonga ya nyanya ilikuwa imevunjika na kila aliyemkaribia alimpigia kelele. Mguu wa namna hiyo hauzungushwi. Unainua ule mzima, unauegemeza juu, kisha unaielekeza mionzi kutoka ubavuni ipite chini yake hadi kwenye nyonga inayouma. Nilimweleza kwa Dholuo, polepole, kila nilichotaka kufanya kabla sijamgusa. Akatulia, akanishika mkono, picha ikatoka safi mara ya kwanza. Ndiyo kazi ninayoipenda, na ndiyo niliyomweleza binti wa jirani alipotujia na chai.

Binti alikuwa na hofu kwamba kompyuta zitaichukua. Amesikia kuna programu zinazosoma picha za kifua. Ni kweli zipo, na mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zitumike kuchunguza TB kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Mimi nazifurahia, kwa sababu madaktari wa radiolojia ni wachache na wengi wao wako miji mikubwa. Lakini programu husoma picha ambayo tayari imepigwa. Yule nyanya hakutulizwa na programu.

Mamake naye akaniuliza kwa sauti ya chini kama msichana anayefanya kazi hiyo hupata watoto. Swali hili nimeulizwa tangu nikiwa mwanafunzi, na nitalijibu hadharani. Nina watoto watatu, wote niliwazaa nikiwa kazini. Mionzi ya eksirei ina hatari, ndiyo maana tunafundishwa kuiheshimu. Ukisogea mbali mara mbili, kipimo kinachokufikia kinapungua hadi robo. Tunasimama nyuma ya kizuizi, tunavaa aproni yenye madini ya risasi, na kifuani tuna beji inayopima tulichopokea. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka, na anayefuata taratibu hakikaribii. Ukishika mimba unamwarifu mkubwa wako mapema ili upangiwe zamu ipasavyo. Atakayedhurika ni yule wa chumba kisichokaguliwa, ndiyo sababu vyumba hivi lazima viwe na leseni ya KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia na mionzi iliyoundwa kwa sheria ya 2019.

Kuhusu njia ya mbele: diploma huchukua miaka mitatu, na nilimshauri asiione kuwa mwisho. Akipata nafasi, aongeze stashahada ya juu ya ultrasaundi. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24, na hata kliniki ndogo za mitaani zinatafuta mtu wa kuishika. Wengine huenda kwenye siti skani, emarai au picha za matiti, wengine husomea shahada, wengine hufundisha. Niliowafunza mimi, wawili wako Saudia na mmoja yuko Uingereza, ambako hakugusa mashine hadi aliposajiliwa na HCPC, baraza la huko la kusajili wataalamu wa afya. Siwalaumu. Ila kabla ya kulipa karo katika chuo chochote, mzazi na aulize kama cheti chake kitampa mtoto leseni ya kufanya kazi. Wapo wazazi waliolia baadaye.

Sasa nije kwa lile la kuajiriwa, ambalo nilimjibu jirani yangu nikiangalia chini.

Afya ilipelekwa kwa kaunti mwaka wa 2013. Mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ikaanza mpango wa kukodisha vifaa, hospitali mbili katika kila kaunti kati ya zote 47, zikiwemo mashine za kisasa za eksirei na ultrasaundi. Tangu hapo nimeona tepe nyingi zikikatwa katika eneo hili la Ziwa. Nimepiga makofi kwa moyo wangu wote, kwa sababu najua mashine hizo zinaokoa nani. Kilichonikosesha usingizi ni hesabu rahisi. Chumba cha eksirei kinachofanya kazi usiku na mchana kina zamu tatu kwa siku, yaani 21 kwa wiki. Mtu mmoja hufanya tano. Ukiweka likizo na ugonjwa, unahitaji watu watano kwa uchache. Hospitalini kwetu, ambayo sitaitaja, tuko wawili.

Ultrasaundi tunayo, lakini mwenye ujuzi wa kuitumia ni mimi peke yangu. Nikitoka, inafunikwa leso. Mwaka jana nilienda mazishi Siaya siku mbili. Usiku wa kwanza akaletwa mama mwenye mimba changa na maumivu makali ya tumbo. Hakuna wa kumpima, akasubiri gari, akapelekwa mjini karibu kunakucha. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba na mrija umepasuka. Mungu alimnusuru. Nilipoambiwa, nilienda nikakaa kwenye kile chumba, mlango nimeufunga, na sikujua nimlaumu nani zaidi yangu, mimi niliyeenda kumzika shangazi yangu.

Na wakati huohuo mtaani Kondele, hapa Kisumu, kuna kijana anauza kava za simu ambaye nilimfunza mwenyewe alipokuwa kwenye mazoezi kwetu. Ana mkono mtulivu, wagonjwa walimpenda. Tangu ahitimu ameitwa kazi za siku mojamoja katika hospitali za kibinafsi na akapata mkataba wa miezi sita ambao haukufanywa upya. Tunao wagonjwa, tuna mashine, na vijana waliosomeshwa kwa ng'ombe wa wazazi wao tunao. Kinachokosekana ni tangazo la nafasi za kazi.

Naziomba bodi za utumishi wa umma za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Vihiga na Kakamega, na wenzao wa Nakuru, zifanye jambo moja. Bajeti ya mashine inapoletwa katika bunge la kaunti, iandamane na mishahara ya watakaoiwasha, zamu zote 21, kwa ajira ya kudumu. Waheshimiwa madiwani wasiipitishe bila hiyo. Na walioajiriwa wapandishwe vyeo kwa wakati. Mimi mwenyewe niko kundi moja la kazi mwaka wa 11 sasa, na barua ninazoandika zinapokewa kwa muhuri kisha kimya.

Jirani yangu nilimwambia amwache binti asome. Ana huruma, na fizikia anaipenda, hayo mawili huwezi kumfundisha mtu. Nilimwambia pia asimuuze ng'ombe wa maziwa, aanze na mwingine, na aombe mkopo wa masomo.

Juni mwaka ujao nitafikisha miaka 60 na kustaafu. Ufunguo wa chumba cha ultrasaundi uko kwenye mkufu wangu pamoja na ule wa nyumba. Nimemuuliza mkuu wa hospitali nimkabidhi nani, akaniambia nisubiri.

Daktari wa picha,
Kisumu