Barua kwa Mwanangu: Chupa ya 72

Tabora, Jumatano usiku

Baba yangu,

Juzi kwenye simu ulicheka. "Mama, kwenye tafrija yetu ya kazini mimi wamenipa vinywaji. Rahisi kabisa, nachukua kreti mbili za soda, nimemaliza." Nikafungua mdomo nikujibu, salio likaisha. Basi nimeona niandike. Karatasi hii nimeikunja ndani ya kifurushi atakachokuletea jirani yetu anayepanda treni ya Kigoma. Isome kwanza, kabla hujaanza kulamba asali iliyomo.

Najua ilivyokuwa. Akina mama wa kazini kwenu wamegawana vyungu, huyu pilau, yule migebuka ya mawese, mwingine ugali wa muhogo na dagaa. Walipofika kwenye jina lako wakatazamana: kijana wa watu, chumba kimoja, jiko la gesi la mtungi mdogo. Huyu alete soda. Hawakukusudia dharau, ingawa dharau kidogo imo. Na wewe ukashukuru Mungu umepona kupika! Umepewa kazi nzito kuliko pilau, baba. Pilau likichelewa watu hupiga soga. Likizidi chumvi watalisema na watalila. Mwenye kiu hana soga.

Bibi yako wa Ujiji, mzaa baba yako, jambo kama hili alikuwa akiliita kula kikoa. Kila mtu na chake, mkeka mmoja.

Sijawahi kukusimulia habari ya zile kreti tatu, maana niliificha. Ulikuwa darasa la pili. Tulikuwa tunamuaga mwenzetu wa kazini aliyepata uhamisho, chini ya miembe, watu kama 40. Mimi nilikuwa bado mgeni pale, nikapewa vinywaji kama wewe. Nikachukua kreti tatu, chupa 72, nikajiona mkarimu kweli. Opena nikaisahau nyumbani. Wanaume wakafungua kwa meno, wengine chupa kwa chupa, mmoja akabandua ukingo wa meza ya watu. Hilo tulicheka, likapita.

Jioni nikaanza kuhesabu chupa, kwa sababu mwenye duka alikuwa ameshika hela yangu ya kreti na chupa. 71. Nikahesabu tena, 71. Nikainama chini ya mabenchi, nikapekua majani, nikauliza watoto. Nikaja kuiona kwenye mapaja ya mama mzazi wa yule tuliyemuaga. Soda ya machungwa, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai, kizibo hakijaguswa.

"Mama, mbona hujanywa?"

"Nina sukari, mwanangu," akasema taratibu. "Nikaona mmejitahidi, nikaona haya kuuliza maji."

Alikuwa amekaa pale tangu saa saba mchana. Amekula pilau, amekula kuku, na midomo imemkauka mpaka imeweka vipande vyeupe pembeni. Nilikimbia nyumba ya jirani kuomba maji. Alikunywa vikombe vitatu, cha tatu ndipo akavuta pumzi. Ile chupa nilimrudishia mwenye duka ikiwa imejaa, akanipa hela yangu kamili, wala sikuifurahia.

Kwa hiyo wewe anzia kwenye maji. Umesema mtakuwa 30, Jumamosi, ufukweni Bangwe. Jua la ziwani, watoto wanaingia majini na kutoka, dagaa wana chumvi yao: mpigie kila mtu lita moja, na nusu yake iwe maji matupu. Hizo ni lita 15 za maji. Kreti zako mbili ni chupa 48, hata zikiwa za mililita 350 hazifiki lita 17 zote pamoja. Nunua kreti moja tu, kwa ajili ya watoto na wanaoona sherehe bila soda si sherehe.

Maji kama si ya kununua, chemsha mpaka yatokote hasa, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Usije ukasema ziwa ni jeupe, unaona mpaka mawe ya chini. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa pale Kagunga, ni ufuko wa ziwa hilo hilo, na kipindupindu kiliwakuta. Na barafu nayo iulizie imetengenezwa kwa maji gani. Watu wanadhani ubaridi unaua vijidudu, kumbe hukaa humo wakisubiri iyeyuke.

Sehemu iliyobaki ni ukwaju. Nimekuwekea kilo moja, nimeshautoa maganda, utakupa lita nane hivi. Ijumaa usiku uloweke kwenye ndoo safi ya plastiki kwa maji yaliyochemshwa yakiwa ya vuguvugu. Usitumie sufuria ya alumini hata kama ndiyo pekee uliyonayo, azima ndoo. Ukali wa ukwaju unaila sufuria, na juisi inatoka na ladha ya bati. Asubuhi nawa mikono mpaka kwenye viwiko, uufikiche kwa vidole, nyama iachane na kokwa. Usione kinyaa, hakuna mashine inayoshinda vidole hapo. Chuja kwa chujio, halafu rudia kwa kitambaa cheupe nilichokukunjia. Utwangie tangawizi kipande cha kidole gumba, ichuje nayo humo humo. Onja. Ikikufanya ufumbe jicho moja, iko sawa. Ukifumba yote mawili, ongeza maji.

Utamu usiumalize wewe. Toa lita mbili uziweke kando bila sukari wala asali, uzijue, na useme kwa sauti kwamba zipo, usingoje mtu aulize. Usidanganywe na wanaosema asali haina neno kwa mwenye sukari. Asali ni sukari iliyopikwa na nyuki. Hata mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimwonjeshe kinywaji chenye asali, mama yake akikuambia ni dawa ya kifua mjibu kwa adabu kwamba mama yako amekataza. Asali itie siku hiyo hiyo. Ukiichanganya na maji Alhamisi ukaiacha kwenye joto la chumba chako, Jumamosi itakuwa inatoa povu na utakuwa unawapelekea wanzuki, pombe ya asali, na nusu ya wageni wako ni watu wa swala tano. Wenye bia zao wajiletee, zikae kwenye beseni lao. Usiziweke na juisi kwenye barafu moja, kuna mtu ataona hivyo na hatakunywa chochote, na hatakwambia.

Kuhusu ubaridi, nasikia vijana wa huko mnazamisha kreti ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji yenye ubaridi kidogo yako huko chini, si hapo mnapochezesha miguu! Ufukweni ni vuguvugu tu. Chukua beseni kubwa, tia barafu, halafu mimina maji juu yake. Chupa ikizama kwenye maji ya barafu inapoa upesi kuliko ikilala juu ya mabonge makavu. Madumu ya maji yafunge gunia lililolowa, uyaweke kivulini upepo unapopita. Ndivyo mtungi wetu wa sebuleni unavyofanya kazi, unatoka jasho. Wewe ulikuwa ukiulamba.

Ufike kabla ya vyungu. Anayeshusha pilau kwenye bajaji amepika tangu alfajiri, na kitu cha kwanza anachotafuta akishuka ni maji. Akikukuta umesimama na kikombe, hiyo habari ya kijana asiyejua kupika imekwisha siku hiyo.

Vikombe, azima vya plastiki ngumu vya kuosha. Chupa za kioo zihesabu ukienda na ukirudi, na usiruhusu hata moja ipasukie kwenye mchanga watoto wanapokimbia peku.

Dumu la asali lenye mfuniko wa bluu ni langu, lirudi. Dada yako anakusalimu, anauliza dagaa wake. Kwenye shingo ya dumu nimefunga opena kwa kamba ya katani. Ni ile niliyoinunua kesho yake, baada ya ile siku ya miembe. Hiyo baki nayo.

Mama yako